Deni la Dola, Huduma ya Shilingi: Somo la Kujiinua Kiuchumi baada ya UVIKO-19

Tuchukue mfano ambao wahudumu wengi wa afya watautambua. Saa nane usiku, kijana aliyeanguka na bodaboda anafikishwa katika idara ya magonjwa ya dharura ya hospitali ya rufaa ya mkoa. Ameumia kichwa, na fahamu zake zimeanza kupungua. Miaka michache iliyopita, daktari wa zamu angeandika rufaa, na ndugu wangeanza kuhangaika kutafuta gari na fedha za kumfikisha jiji jingine lenye mashine ya CT-Scan. Leo, katika mikoa mingi ya Tanzania, mashine hiyo ipo hapohapo, hatua chache kutoka kitanda alicholazwa. Lakini kuwapo kwake hakutoshi. Ni lazima iwe nzima usiku huo, mtaalamu wa mionzi awe zamu, na awepo daktari wa kuisoma picha itakayotoka.

Msomaji anaweza kuuliza kisa hiki kina uhusiano gani na uchumi wa dunia. Uhusiano upo, tena wa karibu. Sehemu ya mashine hizo ilinunuliwa kwa fedha zilizokopwa nje ya nchi wakati wa janga la UVIKO-19, na mkopo huo unalipwa kwa fedha za kigeni. Kuiweka mashine ikiwa hai, kwa upande mwingine, ni jukumu la bajeti ya ndani. Makala haya yanaeleza jinsi nchi inavyoweza kupatanisha mahitaji ya nyumbani na wajibu wake wa kimataifa inapojiinua baada ya janga, na kwa nini upatanisho huo hupimwa wodini zaidi kuliko katika vitabu vya hesabu.

Janga lilivyougusa uchumi

Shirika la Afya Duniani lilitangaza UVIKO-19 kuwa dharura ya afya ya umma ya kimataifa tarehe 30 Januari 2020. Mgonjwa wa kwanza nchini Tanzania alitangazwa tarehe 16 Machi mwaka huohuo. Tofauti na majirani wengi, Tanzania haikufunga kwa muda mrefu shughuli zake za ndani. Masoko yaliendelea, mashamba yalilimwa, na wananchi wengi waliendelea kwenda kazini. Hata hivyo, ukuaji wa uchumi ulishuka kutoka takriban asilimia 7 mwaka 2019 hadi asilimia 4.8 mwaka 2020.

Sababu kubwa ilikuwa kwamba wateja wa nchi walikuwa ng'ambo. Watalii wa kimataifa walioingia mwaka 2019 walikuwa zaidi ya milioni 1.5. Mwaka 2020 idadi hiyo ilishuka hadi takriban 620,000. Nyuma ya takwimu hiyo wamo madereva wa Arusha, wapagazi wa Kilimanjaro, wapishi wa hoteli za Zanzibar, na wavuvi na wakulima waliokuwa wakiwauzia samaki na mboga. Hakuna aliyewaamuru wafunge kazi. Walikosa kazi kwa sababu viwanja vya ndege vya mbali vilifungwa.

Hili ndilo funzo la kwanza. Nchi inaweza kuamua peke yake namna ya kuendesha mambo yake ya ndani, lakini haiwezi kujitenga na madhara ya maamuzi yanayofanywa kwingine. Kwa hiyo kulizungumzia suala la nyumbani na la nje kana kwamba ni mambo mawili yasiyokutana ni kosa la msingi.

Kila nchi ilipojitazama yenyewe

Kosa la upande wa pili ni kudhani kwamba ushirikiano wa kimataifa utafanya kazi wenyewe pale unapohitajika. Historia ya chanjo inatufundisha vinginevyo. Nchini Uingereza, chanjo ya UVIKO-19 nje ya majaribio ilianza kutolewa tarehe 8 Desemba 2020. Tanzania ilipokea shehena yake ya kwanza, dozi zaidi ya milioni moja zilizotolewa na Marekani kupitia mpango wa COVAX, tarehe 24 Julai 2021, na siku nne baadaye Rais Samia Suluhu Hassan akazindua utoaji wa chanjo kwa kuchanjwa yeye mwenyewe.

Ucheleweshaji huo ulikuwa na sababu za pande mbili, na ni vyema tuwe wakweli kuhusu zote. Kwa upande wa ndani, nchi yetu ilichelewa kuamua kujiunga na mpango wa COVAX. Kwa upande wa nje, mataifa tajiri yalikuwa yameagiza mapema dozi nyingi kuliko idadi ya watu wao, na India, ambako chanjo nyingi za COVAX zilitegemewa kutengenezwa, ilisitisha usafirishaji mapema mwaka 2021 ilipokumbwa na wimbi kubwa la wagonjwa. Serikali ya India ilikuwa na wajibu kwa watu wake waliokuwa wakifa kwa kukosa oksijeni. Lakini nchi zilizokuwa zimetegemea kiwanda kimoja cha mbali zilibaki mikono mitupu.

Mfano mwingine ulitokea kusini mwa bara letu. Mwezi Novemba 2021, wanasayansi wa Botswana na Afrika Kusini waligundua aina mpya ya kirusi, ambayo baadaye iliitwa Omicron, na Afrika Kusini ikaiarifu dunia bila kuchelewa. Huo ulikuwa utendaji wa kimataifa wa kupigiwa mfano. Malipo yake yalikuwa kufungiwa safari za ndege ndani ya siku chache, katika msimu ambao hoteli na mbuga za eneo hilo zilikuwa zikiwangojea wageni wa mwisho wa mwaka. Ikiwa taarifa ya kweli huadhibiwa kiuchumi, nchi nyingine zitashawishika kunyamaza, na ukimya huo utagharimu maisha. Uwazi wa kitabibu unahitaji kinga ya kiuchumi, na kinga hiyo haiwezi kutolewa na taifa moja.

Mkopo wa mwaka 2021

Tukiyazingatia hayo, tuutazame mkopo ambao ndio kiini cha somo letu. Nchi jirani kama Kenya, Uganda na Rwanda zilichukua mikopo ya dharura ya Shirika la Fedha la Kimataifa, yaani IMF, katika nusu ya kwanza ya mwaka 2020. Tanzania iliidhinishiwa wake tarehe 7 Septemba 2021. Ulikuwa wa dola za Marekani milioni 567.25, sawa na takriban shilingi trilioni 1.3 wakati huo.

Mkopo huo uliambatana na ahadi. Serikali ilikubali kutangaza takwimu za ugonjwa, kuendesha mpango wa chanjo, na kuruhusu matumizi ya fedha hizo yakaguliwe. Wapo walioziona ahadi hizo kuwa ni kuingiliwa. Lakini takwimu na ukaguzi ni haki ya mwananchi kabla hata ya kuwa sharti la mkopeshaji. Hapa wajibu wa nje na mahitaji ya ndani vilikutana.

Tarehe 10 Oktoba 2021, jijini Dodoma, Rais alizindua mpango wa matumizi ya fedha hizo. Sekta ya afya ilitengewa fungu kubwa kuliko zote, zaidi ya shilingi bilioni 466. Zanzibar ilitengewa shilingi bilioni 231, maji zaidi ya shilingi bilioni 139, na utalii takriban shilingi bilioni 90. Katika elimu, yalipangwa madarasa 15,000, kati yake 12,000 ya shule za sekondari na 3,000 ya vituo shikizi vya shule za msingi.

Mgawanyo huo unastahili kuchunguzwa kwa makini. Mtu angeweza kusema kwamba darasa la sekondari halihusiani na kirusi. Lakini msongamano darasani ni njia ya maambukizi, na ukosefu wa maji ni kikwazo cha kunawa mikono. Vilevile, jengo la idara ya dharura au chumba cha uangalizi wa wagonjwa mahututi humtumikia mgonjwa wa UVIKO-19 leo, na kesho humtumikia mama aliyetokwa damu nyingi baada ya kujifungua. Busara ya mpango huo ilikuwa kuchagua matumizi yenye faida mbili: yanayoitikia hofu ya dunia kuhusu janga, na papo hapo yanaziba pengo lililokuwapo nyumbani tangu zamani.

Umuhimu wa busara hiyo unaonekana tukikumbuka kilichotokea kwa magonjwa mengine. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, idadi ya watu waliogunduliwa upya kuwa na kifua kikuu duniani ilishuka kutoka milioni 7.1 mwaka 2019 hadi milioni 5.8 mwaka 2020. Ugonjwa haukupungua. Kilichopungua ni uwezo wa huduma kuwafikia wagonjwa, na uwezo au ujasiri wa wagonjwa kuzifikia huduma. Nchi inayoelekeza nguvu zake zote kwenye ugonjwa unaozungumzwa na dunia inaweza kupoteza watu wengi zaidi kwa magonjwa ambayo hayatangazwi.

Jengo na uhai wa jengo

Bajeti ya serikali ina mafungu makuu mawili. Matumizi ya maendeleo hujenga na kununua: jengo, gari la wagonjwa, mashine. Matumizi ya kawaida huendesha: mishahara, umeme, vitendanishi vya maabara, mafuta ya jenereta, matengenezo na vipuri. Fedha za dharura kutoka nje huja mara moja na hupendelea fungu la kwanza, kwa kuwa jengo huonekana, huhesabika na huzinduliwa. Fungu la pili halina sherehe. Ni la kila mwezi, na karibu lote hulipwa na mapato ya ndani.

Kutoka hapo kunazaliwa hatari ambayo kila mhudumu wa afya anaifahamu. Mtambo wa kuzalisha oksijeni unahitaji umeme usiokatika, vichujio vinavyobadilishwa kwa wakati, na fundi anayejua kupima usafi wa hewa inayotoka. Chumba cha wagonjwa mahututi kisicho na wauguzi waliofunzwa ni chumba chenye vitanda vya bei ghali. Mashine ya CT-Scan huhitaji matengenezo kinga, na bomba lake la kutoa mionzi huchakaa na lazima libadilishwe. Sehemu hiyo haitengenezwi nchini. Huagizwa, na huagizwa kwa dola.

Hivyo basi, kila kifaa kilichonunuliwa kwa mkopo huacha nyuma yake madeni mawili. La kwanza ni deni kwa mkopeshaji, lenye mkataba, tarehe na riba. La pili ni deni kwa mgonjwa, yaani gharama ya kukifanya kifaa hicho kiendelee kufanya kazi kwa miaka yote ya uhai wake. La kwanza lina mtu wa kulidai. La pili halina mdai mwenye sauti, na kwa sababu hiyo ndilo linalosahaulika kwa urahisi bajeti inapobana.

Deni hulipwa kwa dola

Tuzitazame sasa gharama za deni lile la kwanza. Theluthi moja ya mkopo wa mwaka 2021, takriban dola milioni 189, haikuwa na riba. Hulipwa katika muda wa miaka 10, na miaka mitano na nusu ya mwanzo haina marejesho. Theluthi mbili zilizobaki, takriban dola milioni 378, zina riba na hurejeshwa kati ya mwaka wa nne na wa tano. Kwa ratiba hiyo, marejesho ya sehemu kubwa yanaanguka kati ya mwisho wa mwaka 2024 na mwaka 2026, wakati dunia ilikwisha kuacha kuuzungumzia UVIKO-19. Shirika la Afya Duniani lilitangaza kumalizika kwa dharura ya kimataifa tarehe 5 Mei 2023. Madeni yake hayakumalizika siku hiyo.

Thamani ya shilingi nayo ina sehemu yake. Mkopo ulipoidhinishwa, dola moja ilibadilishwa kwa takriban shilingi 2,300. Kufikia katikati ya mwaka 2024, ilihitaji zaidi ya shilingi 2,600. Maana yake ni kwamba kila dola milioni moja ya deni ilihitaji zaidi ya shilingi milioni 300 za nyongeza, bila mtu yeyote kuwa amekopa upya. Kiasi hicho kingeweza kununua dawa muhimu kwa vituo kadhaa vya afya.

Kwa sababu hii, kuufufua utalii hakukuwa anasa iliyopewa fedha za afya. Dola za kulipia deni, vipuri, vitendanishi na dawa hutoka katika dhahabu, korosho, kahawa, mizigo inayopita bandarini na wageni wanaolala hotelini. Idadi ya watalii wa kimataifa ilipanda hadi takriban milioni 1.45 mwaka 2022, na ikavuka milioni 1.8 mwaka 2023. Ufufuo huo ulisaidia hospitali hata kama hakuna mtalii aliyetibiwa humo.

Msaada wa kimataifa wakati wa janga ulikuwapo, lakini ulikuwa na kasoro. Mpango wa mataifa ya kundi la G20 wa kuahirisha malipo ya madeni, kati ya Mei 2020 na Desemba 2021, uliahirisha takriban dola bilioni 12.9 kwa nchi 48. Kuahirisha si kusamehe. Mwezi Agosti 2021, IMF iligawa kwa wanachama wake akiba yenye thamani ya dola bilioni 650. Kwa kuwa mgawanyo ulifuata ukubwa wa hisa za kila nchi, bara zima la Afrika lilipata takriban dola bilioni 33. Walio na mahitaji makubwa hawakuwa waliopata zaidi.

Fedha za nje pia zinaweza kuondoka ghafla. Tarehe 20 Januari 2025, serikali mpya ya Marekani iliamuru kusitishwa kwa muda misaada yake ya maendeleo nje ya nchi. Katika nchi nyingi za Afrika, Tanzania ikiwemo, huduma za VVU zilizokuwa zikiendeshwa kwa misaada hiyo zilitikiswa. Uamuzi ulifanywa kwa vipaumbele vya ndani vya taifa jingine, na aliyeuhisi ni mgonjwa aliyekuja kliniki na kumkosa mhudumu aliyemzoea.

Njia ya kupatanisha

Kutokana na hayo, tunaweza kupendekeza kanuni tatu.

Kwanza, fedha za nje za muda zielekezwe kwenye mambo yanayonunuliwa mara moja, na kabla ya kununua kiandikwe chanzo cha ndani kitakachogharimia uendeshaji. Kifaa kisicho na mpango wa matengenezo kwa miaka yake yote kisihesabiwe kuwa kimekamilika.

Pili, huduma ambazo kukatika kwake huua kwa haraka, kama vile dawa za VVU, kifua kikuu, chanjo za watoto na damu salama, zihamishiwe hatua kwa hatua katika mapato ya ndani. Mwaka 2001, viongozi wa Afrika waliokutana Abuja waliahidi kutenga asilimia 15 ya bajeti zao kwa afya. Nchi nyingi bado hazijafika huko. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 ni hatua katika njia hiyo, mradi michango ya wananchi igeuke kuwa huduma wanayoiona.

Tatu, ushirikiano wa kimataifa usiachwe kwa hoja ya kujitegemea. Ufuatiliaji wa magonjwa, ununuzi wa pamoja wa dawa, na viwanda vya chanjo barani Afrika ni mambo ambayo nchi moja haiyawezi. Mkataba wa dunia kuhusu majanga ya magonjwa uliopitishwa na Shirika la Afya Duniani mwezi Mei 2025 unatoa msingi, lakini utekelezaji wake utahitaji wajumbe wanaoijua hali ya vituo vyetu.

Nafasi ya mhudumu na ya mgonjwa

Mhudumu wa afya anaweza kuona kwamba mambo haya yanaamuliwa mbali naye. Lakini daftari la kifaa liko mezani kwake. Siku ambazo mashine haikufanya kazi, sababu yake, na idadi ya wagonjwa waliopelekwa kwingine ni takwimu ambazo hakuna mtu wa hazina anayeweza kuzibuni. Zikiingia katika mpango wa mwaka wa hospitali, deni kwa mgonjwa hupata mdai. Vilevile, kila kipimo kisicho cha lazima na kila dawa inayochacha stoo ni fedha za kigeni zilizopotea. Kuandika dawa kwa kufuata mwongozo wa tiba ni mchango wa kiuchumi.

Mgonjwa naye si mtazamaji. Anaweza kudai stakabadhi kwa kila malipo, kusoma taarifa ya mapato na matumizi inayobandikwa katika ubao wa kituo, na kuwauliza wajumbe wa kamati ya usimamizi wa kituo chake kwa nini mashine imefungwa. Anapouliza hivyo hamfanyii mtu hisani wala uhasama. Mkopo ule ulichukuliwa kwa jina lake, na kodi yake ndiyo inayoulipa.

Maswali ya kujadili

1. Taja kifaa kimoja katika kituo chako kilichonunuliwa kwa mkopo au msaada. Nani hugharimia matengenezo yake, na gharama hiyo imeandikwa wapi?

2. Msaada wa nje ukisitishwa leo, ni huduma ipi kituoni kwako itakayosimama kwanza? Mnaweza kufanya nini kabla ya siku hiyo kufika?

3. Ikiwa kiasi cha fedha kinatosha ama kununua mashine mpya moja, ama kuendesha mbili zilizopo kwa miaka mitano, kamati yenu ingechagua nini, na ingewaelezaje wananchi sababu zake?